Mchanga wa Bei Poa

Maiti alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla.

Mkaguzi Ayoub alisimama mlangoni mwa duka, mkono umeshika kizingiti, akashusha pumzi kabla hajaingia. Alikuwa amechoka tokea alipoamka. Katika kazi hii ya polisi alishaona maiti waliotupwa mitaroni, maiti waliofunikwa makuti, maiti waliolala na kisu kifuani mpaka asubuhi. Lakini maiti aliyeuliwa kisha akatengenezwa vizuri, kama mtu aliyefia kitandani kwake huku jamaa zake wakimsomea, huyo alikuwa hajapata kumuona.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Taya limefungwa kwa ukanda wa bafta nyeupe, fundo likakaa utosini. Vidole gumba vya miguu navyo vimefungwa pamoja kwa nguo ile ile. Kisogoni nywele zilikuwa zimegandana damu, na damu nyengine ilikuwa imekauka kwenye pembe ya meza ya chuma iliyobeba tangi kubwa la kioo.

"Anaitwa Anuar," alisema Sajini Mwatum, ambaye alishafika mwanzo na kuzungushia utepe eneo la tukio. "Fundi wa matangi ya samaki. Kikwajuni nzima inamjua."

"Nani aliyemuona?"

"Mteja wake, Bi Nadra. Mshoni wa nguo, anakaa Mpendae. Yuko barazani hapo nje."

"Pesa?"

"Zimo kwenye mtoto wa meza. Na simu yake ipo."

"Basi kimeibiwa nini?"

Mwatum alisita, kama mtu anayeona haya kulitamka. "Mchanga, afande."

Ayoub akamtazama. Kisha akalitazama tangi. Maji yalikuwa nusu, yamevurugika, na chini kioo kitupu kinang'ara. Mchanga wote uliokuwa umetandikwa humo ulikuwa umekombwa. Samaki hawakuachwa wafe. Walikuwa wametiwa kwenye ndoo ya plastiki, na mpira wa kupulizia hewa umetumbukizwa humo ndani, unatoa vipovu kama kawaida. Ukutani yalipangwa magunia ya mchanga wa manjano, mchanga wa machimbo ya ruhusa, na hakuna aliyeyagusa.

Hapo Ayoub alizidi kuchoka. Tokea wakubwa walipotangaza kwamba mchanga wa kisiwa unakwisha, mchanga umekuwa kama karafuu: una kibali, una muhuri, una mwenyewe. Maskini akitaka kutia sakafu chumba chake cha uani, huuliza bei akarudi zake nyumbani kulala juu ya udongo. Mwizi wa mchanga angeweza kumfahamu. Lakini mwizi gani anaacha mchanga ghali na kuondoka na ule uliokuwa chini ya samaki?

Alikunja mkono wa shati, akautia tangini, akapapasa pembeni ambako gundi ya kioo ilikuwa imefanya mfuko mdogo. Vidole vikatoka na chembe chache za mchanga mweupe na simbi moja ya pwani, kombe dogo kama punje ya hindi, jekundu. Ilikuwa na tundu. Si tundu la kuliwa na mdudu. Tundu la sindano, la kupitisha uzi.

Akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akatoka nje.

Bi Nadra alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Ayoub akamwamkia, naye akaitika marahaba kwa sauti ya kukwaruza.

"Ulikuja kufanya nini asubuhi yote hii, Bi Nadra?"

"Kugombana."

"Na marehemu?"

"Alikuwa si marehemu nilipotoka kwangu. Kwangu mimi alikuwa mwizi."

Alieleza taratibu, na Ayoub akamwacha. Binti zake walipoolewa nyumba ilimpoa, akaona anunue tangi, apate kitu kinachotembea humo ndani. Anuar akampa achague cha kutandika chini: mchanga wa manjano wenye kibali, au mweupe wa bei poa. Yeye fungu lake dogo, akachagua mweupe. Akauosha kwenye beseni kama alivyofundishwa, akamwaga, akaosha tena, mpaka maji yakatoka safi ya kunywewa. Akatandika, akatia samaki wake wa maji baridi, wadogo, wenye mstari wa buluu. Wakaanza kuhema juu ya maji. Wakafa mmoja mmoja, kila akiamka anamzika mmoja kwenye kopo la mrehani.

"Jirani yangu akanambia, hebu utilie ndimu. Nkautilia. Ukatoa povu kama nimetia sabuni. Mchanga wa pwani huo, mwanangu, umejaa chokaa ya makombe na matumbawe. Maji yanakuwa makali, samaki wale hawayawezi. Na yeye anajua. Fundi mzima asijue?"

"Ulimtishia?"

"Nilimwambia Mungu atamlipa. Hicho ni kitisho?"

"Inategemea Mungu kamlipa kwa mkono wa nani. Ulimkuta vipi?"

"Nlimkuta keshafungwa taya." Alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa buibui. "Nkajua huyu kafa kifo chake, wenyewe washamtengeneza, wamekwenda kutafuta jeneza. Nkakaa. Nkamsomea na yasini. Nshafika mwisho ndipo nkaiona damu."

Ayoub alimwonesha simbi ndani ya mfuko. Bi Nadra akaitambua. Kwake zimo kama hizo, alisema, zilikuja pamoja na mchanga, na alizipenda. Alidhani fundi kamtilia pambo.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa na mengi. Marehemu alisukumwa, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikapiga pembe ya chuma. Alikufa baina ya alasiri na isha. Pigo lilikuwa moja. Hapakuwa na alama ya silaha.

Mrakibu Vuai, mkuu wake Ayoub, alilipokea hilo akiwa ameegemea kiti chake kinachozunguka. Ofisi yake ilikuwa baridi kama chumba cha samaki, na samaki wenyewe walikuwemo. Nyuma ya meza palikuwa na tangi la kioo, taa imewashwa, na Mrakibu alikuwa na mazoea ya kuzungumza na wadogo zake wa kazini huku akiwalisha wale walio majini.

"Mwenye ugomvi umemtia mkononi, unamwacha akakae Mpendae anashona," alisema. "Unataka nini tena?"

"Mama mtu mzima, afande. Hawezi kubeba tangi zima la mchanga."

"Mchanga." Mrakibu alinyunyiza chakula. Samaki wakashuka, wakawa wanachokora mchanga mweupe kwa midomo. "Mimi nangoja mtuhumiwa, wewe unaniletea mchanga. Juu wananiuliza. Unafahamu maana ya juu kuuliza?"

Ayoub alifahamu. Maana yake ni kwamba walioko juu hupata usingizi pindi mtu yeyote wa chini akilala rumande. Akasema ndiyo afande, akatoka. Alikuwa na hamu ya kufika nyumbani akae tu. Akakumbuka kwamba nyumbani hakuna mtu. Tokea mkewe Ummkulthum alipomfia, akingoja daktari aliyekuwa semina, Ayoub alikuwa hana haraka ya kwenda popote. Akarudi kazini.

Aliyempelekea Anuar mchanga hakuwa mgumu kupatikana. Jina lake Ismail, dereva wa kirikuu, kigari cha mizigo, na kirikuu chake kilikuwa kimezuiliwa kwa kukosa taa tokea alasiri ya siku ile, mwenyewe amekaa kituo cha barabarani mpaka usiku akiwabembeleza askari. Hivyo hakuua mtu. Lakini kwenye bodi la gari mlikuwa na mchanga, na Sajini Mwatum akaufagia kwa karatasi, akauleta chumba cha mahojiano pamoja na ndimu.

"Mchanga wa Anuar ulibeba wewe?" aliuliza Ayoub.

"Ninaobeba mimi una kibali."

"Nioneshe."

"Kimelowa."

Ayoub akakamua ndimu. Mchanga ukafura povu juu ya karatasi, ukatoa sauti ndogo ya kuchemka. Ismail akautazama kama mtu anayetazama mwanawe akimchongea.

"Wa machimbo ya shamba haufanyi hivi," alisema Ayoub. "Huu wa pwani gani?"

"Kila mtu anachota, afande. Mbona wenye malori hamwaulizi?"

"Nakuuliza wewe. Pwani gani?"

"Pwani Kae. Juu ya Matemwe huko."

"Pwani Kae wanatoboa simbi wakazitupa mchangani?"

Ismail akaitazama ndimu.

"Ulichota ufukweni?"

"Ufukweni una chumvi. Anuar alitaka usio na chumvi. Alisema wateja hawana maji ya kuosha mara nyingi." Akaisogeza ile karatasi mbali naye. "Nikachota juu. Kwenye kilima. Kule unapigwa na mvua, chumvi ishatoka."

"Kilima gani?"

"Kuna makaburi karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu sana."

Mwatum aliacha kuandika.

"Ulifukua nini, Ismail?"

"Ubao."

"Ubao gani?"

"Nlidhani wa chombo kilichovunjika."

"Halafu?"

"Nikauona wa pili. Na wa tatu, zimelazwa mshazari." Sauti yake ilishuka. "Nikafukia kidogo, nikaondoka."

"Ukarudi tena?"

"Anuar alisema ule ndio mchanga mzuri."

Kila mtu chumbani alijua ubao ule ni nini. Ni kiunza, kinacholazwa juu ya maiti kaburini ili mchanga usimwangukie mwilini. Ayoub akaamrisha Ismail arudishwe rumande. Mwenyewe alibaki amekaa, ndimu iliyokamuliwa mkononi. Sasa aliielewa ile bafta. Duka la vioo halina bafta. Mtu hutembea na bafta mpya pale anapokuwa na maiti wa kukafini.

Asubuhi yake walifika Pwani Kae, yeye na Mwatum. Wanawake waliokuwa wakianika mwani waliitika salamu zao, kisha kila mmoja akaona kazi yake ina haraka. Polisi hawakuhitaji kuuliza njia. Kilima kilionekana, upande mmoja kimeliwa kama mkate uliong'atwa.

Makaburi mengi yalikuwa yametitia. Moja lilikuwa limefunikwa upya. Mchanga wake ulikuwa mweupe kuliko wote, mweupe wa kuoshwa, usio hata na jani. Juu yake zilipangwa simbi nyekundu, moja moja, kila moja na tundu lake. Ayoub akachutama. Baina ya simbi aliona kitu cha kijani, akakivuta kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa jani la plastiki, pambo la tangi la samaki.

Hakulitia mfukoni upesi. Alikaa amechutama vile vile, magoti yakamuuma.

"La nani hili?" alimuuliza mwanamke mmoja aliyepita na ndoo.

"La Mayasa, mke wa Mzee Mabrouk." Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Mayasa alikuwa akitunga simbi kuuzia wageni, na alipokufa mume hakuuza hata moja iliyobaki. Alimtandikia mkewe juu, zote.

Mzee Mabrouk alikuwa mchoma chokaa, na yeye ndiye muosha maiti wa kitongoji kile. Walimkuta ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa mbele ya nyumba yake, kanzu safi, kofia kichwani, kama mtu aliyealikwa harusini. Kambani nyuma yake ilianikwa bafta iliyobaki, upande mmoja umechanwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Ayoub.

"Marahaba. Mmechelewa. Tokea juzi nimevaa."

"Unajua tulichokujia?"

"Najua. Sijui kimoja tu." Aliwatazama wote wawili. "Mchanga mmekuja kuuchukua?"

Ayoub akageuka akakitazama kilima.

"Ukichukuliwa," alisema Mabrouk, "mtanipeleka na mdomo wangu umefungwa kama nilivyomfunga yule. Sitasema neno. Ukiachwa, nitasema lote, na mtaandika mpaka mchoke."

"Siwezi kukuahidi, mzee. Sheria haitaki ninunue maneno yako."

"Basi kawaulize wanaoweza. Nyinyi huku chini kila siku hamuwezi." Akanyanyuka mwenyewe, akanyoosha mikono kwa pingu. Mwatum alizifunga kwa kulegeza.

Mrakibu Vuai alifurahi. Alisikiliza habari yote, akapiga meza kwa kiganja, akasema sasa hiyo ndiyo kazi. Halafu akasema lile ambalo Ayoub alilichukia njia nzima.

"Mchanga uletwe. Ndio mali iliyoibiwa, ndio kielelezo. Tafuta watu wa kuchimba."

"Utafukua kaburi, afande. Ile mifupa ishakafiniwa mara mbili."

"Mchanga wa juu tu."

"Wa juu ndio wote. Chini yake kuna kiunza."

"Mkaguzi, mimi sheria sikuitunga." Alizungusha kiti, akachukua kopo la chakula cha samaki. "Mahkama itauliza: mali iko wapi? Nitajibu mke wa mtu ameilalia?"

Hapo ndipo Ayoub, ambaye aliingia ofisi ile siku zote akitazama viatu vyake, alipolitazama tangi. Taa ilikuwa inamulika chini. Samaki mmoja alichokora mchanga mweupe, ukafunuka, na kikajitokeza kitu chekundu. Kikafunikwa. Kikajitokeza tena.

Hakuomba ruhusa. Alikunja mkono wa shati akauzamisha mpaka kiwikoni, na maji yakamwagika kwenye zulia. Alipoutoa aliweka simbi juu ya meza. Akatoa mfuko wa kielelezo, akaweka na ile ya dukani kwa Anuar pembeni yake. Zote ndogo, zote nyekundu, tundu moja, sindano moja.

"Tangi hili ulinunua kwa nani, afande?"

Mrakibu akaliweka mezani kopo la chakula.

"Mchanga ulichagua upi?"

"Ulikuwa bei poa," alisema Mrakibu pole pole.

"Ndiyo. Ni ule ule. Sasa nauliza tu, nipate kujua. Kama mchanga wa kaburi la Mayasa ni kielelezo, na huu ni kielelezo. Nitaufunga, nitauandikia ulikotolewa, nitaupeleka mahkamani pamoja na ule mwengine. Nianzie upi?"

Kipooza hewa kilinguruma. Mrakibu Vuai alizisukuma zile simbi mbili kwa kalamu, asiziguse.

"Picha za kaburi mmepiga?"

"Tumepiga."

"Picha zinatosha. Na simbi ya dukani, na hilo jani." Akasimama, akavaa kofia. "Nakwenda kusali. Nikirudi nisilione hili tangi humu."

Mabrouk aliletwa chumba cha mahojiano. Ayoub alimwambia kwamba kaburi halitaguswa, na kwamba bado anayo haki ya kunyamaza, au kungoja wakili. Mwatum akaandika hilo mwanzo wa maelezo ya onyo. Mzee akasema haki ya kunyamaza ameitumia vya kutosha. Aliomba maji, akanywa kidogo, akaanza.

Alikuta kaburi limefukuliwa alipokwenda kumzuru mkewe Ijumaa. Viunza vilikuwa nje, kimoja kimevunjika, na pale kilipovunjikia palionekana kitu ambacho mume hatakiwi kukiona. Akavua kanzu akafunika. Akenda kwa sheha. Sheha akamwambia mchanga ni mambo ya wilaya. Wilayani wakamwambia makaburi ni mambo ya dini. Kwenye dini wakamwambia wizi ni mambo ya polisi. Alizunguka hivyo, nauli ikitoka kwenye chokaa yake, na kila siku jioni alirudi kukaa kilimani afukuze mbwa.

"Polisi ulikwenda wapi?" aliuliza Ayoub.

"Hapa."

"Nani alikusikiliza?"

"Kaunta walicheka. Mmoja akaniuliza kama marehemu mwenyewe ameshaleta malalamiko." Hakuwa na hasira aliposema hivyo. "Nikakaa pale pale mpaka nikaingizwa ndani, kwa mkubwa. Ofisi ya baridi. Alikuwa analisha samaki."

Kalamu ya Mwatum ikasimama.

"Andika, Sajini," alisema Ayoub.

"Aliniambia mchanga hauna alama, nitaujuaje kuwa wangu? Nikamwangalia nimjibu, na nyuma yake nikaziona simbi za Mayasa. Zinalala chini ya samaki. Nilikaa naye akizitoboa, bwana, jioni zote, sindano ikimchoma ananipa kidole nikipulize. Nitaacha kuzijua?"

"Ukamwambia?"

"Ningemwambia nini? Mwizi wangu na hakimu wangu wamekalia kiti kimoja. Nikamsifia samaki. Nikamuuliza tangi zuri hivi limetoka wapi. Akafurahi. Akaniandikia na jina la duka kwenye mkono wangu, nisipotee. Akasema nimwambie Anuar nimetumwa na yeye, atanipunguzia."

Ayoub alijiinamia, akapapasa paji la uso.

"Endelea, mzee."

"Nikanunua bafta, maana nilitaka nikafini upya yale yaliyobaki. Nikenda Kikwajuni na bafta yangu kwapani na gunia tupu. Sikwenda kuua. Nilimwambia yule fundi, mwanangu, huu mchanga umetoka juu ya mke wangu, nipe niurudishe. Akacheka kwanza, alidhani natania. Nilipotia mkono tangini akanivuta. Akasema, mzee wewe, chukua gunia jengine uende, mchanga ni mchanga."

Mikono yake ya mchoma chokaa, iliyojaa makovu meupe, ilikuwa juu ya meza.

"Nikamsukuma. Kwa hii mikono miwili. Alipoanguka nilisikia, nikajua. Nimeosha maiti miaka, najua mtu anapokuwa hayupo. Ningekimbia, lakini taya lake lilikuwa linafunguka, na mkono wangu ukenda wenyewe. Nikachana bafta ya Mayasa nikamfunga. Nikamwelekeza. Nikamwambia unisamehe. Samaki nikawatoa, wao hawakufanya kitu. Mchanga nikautia guniani, nikapanda nao juu ya gari la shamba, maji yananichuruzikia mgongoni njia nzima, na kondakta ananitukana."

"Basi ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo. Nimeua mtu kwa sababu ya mchanga, mtasema. Semeni. Lakini mngemfunika mke wangu nyinyi, mimi nisingekwenda Kikwajuni."

Mwatum akamsomea maelezo yake tokea mwanzo, pamoja na pale penye ofisi ya baridi na lile jina lililoandikwa mkononi. Mzee akatia dole gumba. Ayoub akatia saini yake chini, jina lote, kwa herufi za kusomeka. Alijua yatakwenda wapi maelezo yale, yatasomwa na nani, na yeye atahamishiwa wapi. Hakuona kwamba huko kutakuwa na uchovu uliozidi wa hapa.

Mabrouk alikuwa ameshanyanyuka kurudishwa rumande alipogeuka.

"Na ule uliobaki? Wa kwa mkubwa wenu?"

Ayoub akainama chini ya meza, akavuta ndoo. Ilikuwa imejaa mchanga mweupe, bado mbichi, na simbi nyekundu zimejitokeza hapa na pale.

Mzee aliutazama. Kwa mara ya mwanzo uso wake ulivunjika, akaufunika kwa mikono yenye pingu, na wakamngoja.

"Nani ataupeleka?" aliuliza alipomaliza.

"Mimi."

"Utandaze kwa mkono, si kwa koleo. Na simbi uziweke juu. Alikuwa hapendi zipotee."

Ayoub akaitika naam, kama anavyoitika mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Akainyanyua ile ndoo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, akaibadilisha mkono kabla hajafika mlangoni.